Saba Abeba Tena

Pale stesheni ya reli hakuna aliyemjua kwa jina. Wachukuzi walivaa beji za shaba kifuani, kila beji na namba yake, na ya kwake ilikuwa saba. Abiria akishuka kwenye behewa alinyoosha shingo na kuita, "Saba! Njoo hapa," na Saba akaja. Alibeba masanduku ya bati, magodoro, cherehani, mabeseni ya vyombo yaliyofungwa kwa shuka. Siku moja alibeba hata jeneza tupu ambalo mwenyewe alikataa katakata kusema ni la nani, na Saba hakumuuliza mara ya pili, maana mchukuzi mwenye maswali mengi hapati wateja. Mtaani nako namba ikamfuata. Mwenye duka alimwita Saba, watoto wakamwita Mzee Saba, na kwenye harusi yake mwenyewe shangazi wa bibi harusi aliuliza kwa sauti wale sita wengine wako wapi.

Alikuwa na kanuni mbili za kazi, alizojitungia mwenyewe, na niseme mapema kwamba zote mbili zilikuja kumponza. Ya kwanza: mwanamke mwenye mzigo haachwi apande ngazi peke yake. Ya pili: kilichoanguka huokotwa palepale, hufutwa vumbi, hukimbizwa kwa mwenyewe kabla gari moshi halijaondoka. Kwa kanuni hizo mbili aliishi vizuri na watu, na hakuna siku aliyotuhumiwa hata pini ya mtu.

Bega la kulia ndilo lililomstaafisha. Lilianza kwa kuuma siku za baridi, likaendelea kuuma siku za jua, mwisho likawa halina msimu. Akarudisha beji ofisini, akapewa mkono na maneno mazuri, akaenda nyumbani. Baada ya wiki chache alikwenda stesheni kuwajulia hali wenzake. Treni ilikuwa imeingia. Akasikia mwanamke anaita, "Saba! Saba wewe!" Akageuka na jibu liko tayari mdomoni. Mwanamume mmoja mgeni akampita mbio, beji inang'aa kifuani, akachukua masanduku ya yule mwanamke na kutokomea nayo. Hakuna aliyekosea. Beji ni mali ya stesheni, na namba haistaafu.

Saba alirudi nyumbani, akala, kisha akaweka kijiko chini na kula kiapo mbele ya mkewe na binti yao.

"Kuanzia leo sibebi mzigo wa mtu. Hata kama ni bahasha."

Walidhani ni hasira za siku moja. Haikuwa hivyo. Tangu hapo mkewe akitoka sokoni na kikapu, Saba alitembea kando yake mikono nyuma, kama mkaguzi wa barabara. Majirani wakapiga kelele, "Saba, msaidie mwenzio!" Naye akajibu, "Nimestaafu." Mkewe alicheka tu. Alikuwa mwanamke asiyependa kumkumbusha mtu kitu mara mbili, na hakuwahi tena kumwomba abebe chochote. Hilo la kutoombwa lilimkera Saba kuliko kuombwa, ila kiapo kilikuwa chake na hakuwa na pa kupeleka malalamiko.

Sasa huyu mke. Kazi yake ilikuwa dobi kwenye klabu ya gofu, na huko walimwita Mama Taulo. Taulo zilikuwa nyingi: za bafuni, za mikono, na zile ndogo nyeupe ambazo wachezaji hufutia fimbo zao na mipira. Dirisha la chumba cha kufulia lilitazama uwanja wa mazoezi, kwa hiyo alikuwa anakunja taulo huku anatazama watu wakipiga mipira, mwaka baada ya mwaka, mpaka akaanza kujua nani ameharibu kabla mpira haujatua. Jumatatu kiwanja kilifungwa kwa wanachama na wafanyakazi wakaruhusiwa kucheza. Jumatatu moja akaingia. Mpishi akamkopesha fimbo, akapiga, mpira ukaenda mbali na sawasawa, na mpishi akaomba fimbo yake irudi.

Baadaye alijipatia mfuko wake mwenyewe, mkuukuu, mkanda ameushona kwa mkono, na ndani yake fimbo ambazo kila moja ilikuwa na ukoo wake. Saba aliutazama mfuko ule na kuguna. Mifuko ya namna hiyo alikuwa ameibeba sana stesheni, mirefu na mizito, wenyewe wakitembea mbele wakipiga soga.

"Mtu mzima na akili zake," alimwambia mkewe, "anapiga kitu, anakifuata kwa miguu, anakipiga tena. Si angekibeba tu tangu mwanzo akakiweka kwenye hilo shimo, mambo yakaisha?"

"Ungekuwa mtunga sheria wewe, tungerudi nyumbani mapema," mkewe alimjibu, akaendelea kufuta fimbo.

Hakumwambia njoo unione. Naye hakusema nitakuja.

Mama Taulo alishinda kikombe cha wafanyakazi, akakishinda tena, na kiwango chake kikapanda mpaka katibu wa klabu akamfuata mwenyewe chumba cha kufulia. Mashindano ya taifa ya wanawake yalichezwa palepale kila mwaka, na kwa kiwango alichofikia hakuna wa kumzuia kuingia. Mama Taulo alikausha mikono, akaenda ofisini kujiandikisha. Katibu akamuuliza jina kamili, klabu, kiwango. Akauliza kedi wake nani, yaani mtu wa kumbebea mfuko.

"Sina. Nabeba mwenyewe."

"Siku mbili mfululizo, Mama Taulo? Na Mungu akijalia, ya tatu?"

"Shuka mbichi ni nzito kuliko fimbo, bwana katibu."

Utaratibu ulikuwa hivi: siku mbili za kwanza wanacheza wote. Jioni ya siku ya pili unafanyika mchujo, na waliofanya vizuri tu ndio wanaorudi siku ya tatu. Mama Taulo hakuwa na ndoto za kikombe, alijua wanaokitaka na alijua wanavyopiga. Alitaka kitu kimoja, na alikisema mezani jioni ile, macho yako kwenye sahani.

"Kila mwaka nafua taulo za siku ya tatu. Safari hii nataka mojawapo iwe imechafuliwa na mimi."

Saba aliendelea kutafuna. Moyoni alisema maskini mke wangu, halafu akajiuliza kwa nini amesema maskini.

Siku ya kwanza Mama Taulo alicheza vizuri kuliko alivyotarajia, ila alirudi nyumbani akichechemea. Alikuwa amekanyaga vibaya kwenye mteremko, na mfuko begani ukamalizia kazi. Binti yao, ambaye ni muuguzi, alimfunga bandeji kwenye kifundo huku akinong'ona maneno ya kitabibu ambayo hayakuwa mazuri. Alipomaliza alimfuata baba yake barazani.

"Baba, kesho utakuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Unafanya nini hapa?"

Saba akachukua ufagio, akaanza kufagia baraza lililokwisha kufagiliwa.

"Umewabebea mizigo watu usiowajua maisha yako yote," binti akasema. "Kiapo chako nakijua, sikwambii umbebee mama. Nakwambia uende ukamtazame. Macho hayana uzito."

Mtoto akikua hukufunga kamba uliyomfundisha kuisokota. Asubuhi Saba alivaa shati lake jeupe, akapiga viatu rangi, akaondoka baada ya mkewe kutangulia ili isionekane kwamba amekwenda kwa makusudi.

Getini alifungwa utepe wa watazamaji mkononi. Kitu cha kwanza kilichomshangaza ni ukimya. Stesheni mtu akikaa kimya ujue amepoteza tiketi, na hapa walikuwa mamia ya watu wamesimama nyuma ya kamba, hakuna anayepiga hata chafya. Mlinzi mmoja aliyevaa kofia ya majani aliinua kibao kilichoandikwa KIMYA kila mchezaji alipojiandaa, na mara moja, watu walipomzibia mchezaji njia, Saba alijikuta amefungua mdomo kupiga ule ukelele wake wa stesheni, "Pishaaa!" Mlinzi alimgeuzia kibao na macho pamoja. Saba akaumeza ukelele.

Mkewe alimwona karibu na shimo la tatu. Hakupunga mkono. Aliishusha kofia yake kidogo mbele, kama afanyavyo akitaka kuficha kwamba anatabasamu, akapiga mpira, na mpira ukaenda moja kwa moja kama umetumwa dukani. Watu wakapiga makofi. Saba akawatazama wale watu wanaompigia makofi mkewe, watu asiowajua, na kifua kikamjaa. Alijuta. Alijuta waziwazi, pale nyuma ya kamba: Jumatatu zote zile alikuwa wapi?

Wachezaji walikwenda wawili wawili, na aliyepangwa na Mama Taulo alikuwa daktari wa meno, mwanamke mrefu mwenye subira, aliyebebewa mfuko na mpwa wake. Daktari alitembea mikono mitupu. Mama Taulo alitembea na mfuko wake, na kila shimo kuchechemea kulizidi. Jua lilipoanza kupinduka mzee mmoja mtazamaji, ambaye alijua hesabu za kila mtu, alimsogelea Saba.

"Unamwona yule mwenye bandeji? Yuko ukingoni kabisa mwa mchujo. Akiendelea hivi hivi, kesho anacheza. Akiteleza pigo moja, kwaheri."

"Pigo moja tu?"

"Moja tu. Mchezo huu hauna huruma, ndugu yangu."

Mashimo yaliyobaki yalikuwa machache, na lililofuata lilikuwa la kupanda kilima. Daktari wa meno alipiga mpira wake kulia, akaondoka na mpwa wake upande huo. Mama Taulo alipiga wa kwake kushoto, ukavuka mgongo wa kilima na kupotelea kwenye majani marefu. Watazamaji wengi walifuata upande wa daktari, penye kivuli. Mama Taulo akajitwika mfuko, akapiga hatua kadhaa, akasimama. Akapiga nyingine, akasimama tena, mkono kwenye goti.

Kile kilima kilikuwa ngazi tu, na yule alikuwa mwanamke mwenye mzigo. Mazoea yana taabu. Saba aliinama, akapita chini ya kamba.

"Lete."

Mkewe akamtazama. "Umeapa."

"Niliapa mzigo wa mtu. Wewe si mtu."

"Mimi si mtu?"

"Wewe ni mke wangu. Lete huo mfuko, tunachelewa."

Mama Taulo alicheka, na katika kicheko hicho mkanda ukateleza begani mwake. Saba aliupokea kwa bega la kushoto, lililo zima. Miaka tangu abebe kitu! Alishangaa mwili ulivyokumbuka: mgongo ulijinyoosha wenyewe, miguu ikaingia kwenye mwendo ule wa stesheni, si kutembea na si kukimbia. Akaupanda mlima kama ana treni ya kuwahi. Mkewe akabaki nyuma, anakuja polepole, mwepesi, mikono mitupu kama daktari.

Ng'ambo ya kilima Saba aliuona mpira kabla ya kuutafuta. Ulikuwa umelala chini kando ya jiwe, umepakwa tope upande mmoja. Kitu cha mkewe, kimeanguka, kimechafuka. Hata hakufikiri. Aliweka mfuko chini, akauokota, akaufuta kwenye shati lake jeupe mpaka ukang'aa, na mkewe alipotokea kileleni alimnyooshea kwa furaha yote.

"Huu hapa! Ulikuwa umeangukia majanini."

Mama Taulo alisimama. Hakupiga kelele. Aliweka kiganja mdomoni, na Saba alipoyaona macho yake juu ya kile kiganja akajua kwamba amefanya jambo, ila hakujua jambo gani.

"Usiusogeze popote," mkewe akasema kwa upole. "Kaa nao hivyo hivyo." Halafu akainua mkono kumwita mwamuzi.

Mwamuzi alifika na kigari kidogo, mwanamume mnene mwenye adabu, kitabu cha sheria mfukoni. Aliukuta mfuko umesimama majanini, mwanamke mwenye bandeji, na mzee wa shati lenye tope ameshika mpira kwa mikono miwili kama yai.

"Mzee, mpira umeuokota wewe?"

"Mimi."

Mwamuzi aliona utepe mkononi mwake, akatulia. "Basi si jambo kubwa. Watazamaji huwa wanafanya hivi. Mtazamaji akiokota, mpira unarudishwa pale ulipokuwa, mchezaji hana kosa." Akamgeukia Mama Taulo kwa ajili ya kutimiza wajibu tu. "Ingekuwa kedi wako ndiye aliyeuokota, hapo ningekuongezea pigo moja. Lakini wewe najua unabeba mwenyewe. Huyu ni mtazamaji, sivyo?"

Pigo moja. Saba alisikia maneno ya yule mzee wa hesabu yakimrudia sikioni, na akaelewa yote kwa mara moja, kama mtu anayeona treni yake inaondoka. Akajitosa.

"Mtazamaji mimi, bwana mkubwa! Napita zangu. Huyu mama hata simjui."

Alisema kwa haraka na kwa sauti ya stesheni, na ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao kusema uongo mbele ya mkewe bila kutazama pembeni. Hakuna mwingine aliyemwona akibeba. Daktari alikuwa mbali kulia, watu walikuwa kivulini, na mwamuzi alikuwa ameshaanza kurudi kwenye kigari chake.

"Ananibebea mimi," Mama Taulo akasema.

Mwamuzi akageuka.

"Mfuko amenipokea kule chini, amepanda nao mpaka hapa. Huyu ni kedi wangu." Akaona heri amalizie. "Tena ni mume wangu. Ananijua."

Mwamuzi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akavua kofia, akaivaa tena. "Basi ni pigo moja, mama."

"Ndiyo. Najua."

Saba aliurudisha mpira kando ya lile jiwe, upande wa tope akiwa ameshaufuta, kwa uangalifu kuliko siku aliyobeba sanduku la vioo. Mwamuzi akasema neno moja zaidi. Kedi haruhusiwi kutembea uwanjani bila kizibao. Cha Mama Taulo kilikuwepo, vilishonwa vya wachezaji wote kabla haijajulikana nani ana kedi na nani hana, na tangu jana kilikuwa kimelala mezani. Akaongea na redio yake. Dakika chache baadaye akaja mlinzi, yule yule wa kibao cha KIMYA, amekishika.

Kilikuwa kizibao cheupe cha kuvaa juu ya shati, na mgongoni kimeandikwa jina la mchezaji kwa herufi kubwa za buluu. Jina la mkewe lote, alilopewa na wazazi wake, lile ambalo klabuni hakuna aliyelitumia. Saba alikitazama kwanza mbele. Kifuani hakikuwa na namba. Akakivaa, mkewe akamnyoosha mgongoni kwa kiganja, kama anavyonyoosha shuka kabla ya kupiga pasi, na wakaendelea na mchezo.

Mashimo yaliyobaki Saba hakugusa kitu bila kuuliza. "Fimbo ipi?" "Ile yenye mshikio mwekundu." Akaitoa, akaifuta, akampa. "Nisimame wapi?" "Hapo, kivuli chako kisinipite." Akasimama. Mama Taulo alicheza vizuri, alicheza kwa utulivu wa ajabu, na kwenye shimo la mwisho lilibaki pigo fupi ambalo lingemrudishia kile alichopoteza. Aliinama, akatulia, akaugusa mpira. Mpira ulikwenda mpaka mdomoni mwa shimo, ukachungulia ndani, ukapita pembeni.

Jioni majina ya mchujo yalibandikwa ubaoni. La Mama Taulo halikuwemo. Alikosa kwa pigo moja, na msomaji asinilaumu mimi. Hata mimi ningependa iwe vingine.

Saba alivua kizibao, akakikunja vizuri, akakipeleka kwa mama wa mapokezi. Mama wa mapokezi akakisukuma kurudi upande wake wa meza.

"Nenda nacho, mzee. Vyenye namba, vile vya walinzi, ndivyo tunavyokusanya, mwakani wanavaa wengine. Hiki kina jina, nitampa nani?"

Alisimama pale kitambo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akakitia kifuani ndani ya shati, akaenda kumkuta mkewe kwenye benchi nje ya chumba cha kufulia, kiatu kimoja amekivua.

"Ungemwacha yule bwana aende zake," Saba akasema. "Alikuwa ameshaamini."

"Alikuwa ameamini."

"Ni lile pigo langu lililokutoa."

"Najua kuhesabu, baba watoto." Alijikanda mguu. "Nimeumia, usidhani sikuumia. Nilikuwa naitaka kesho. Niliitaka sana." Akaikaza bandeji. "Lakini ulikuja. Ukapita chini ya ile kamba ukasema lete. Nimelisubiri neno hilo muda gani? Halafu nimwambie mtu kwamba halikutokea?"

Saba alikaa kando yake. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Walipoondoka yeye ndiye aliyebeba mfuko, na kikapu, na kile kiatu kimoja. Mtaani mwenye duka alifungua mdomo ili atanie, akaona nyuso zao, akaufunga.

Asubuhi ya siku ya tatu Saba aliamka akidhani kwamba wangelala mpaka jua liwake. Juu ya kiti palikuwa na kizibao. Kilikuwa kimefuliwa, tope lote limetoka, kimepigwa pasi mpaka mistari inasimama. Mkewe alikuwa jikoni, ameshavaa, anakunywa chai.

"Tunakwenda wapi?" Saba aliuliza.

"Kutazama. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Tena nataka nione daktari wangu wa meno anavyocheza, amepita mchujo yule." Akamtazama mavazi. "Nimekipigia pasi ili kikae kitini?"

Walikwenda. Getini wakafungwa tepe za watazamaji, wote wawili. Watu walimgeukia Saba, mzee mwenye kizibao cha kedi anayetembea nyuma ya kamba, na wengine walinong'ona kwamba huyu amepotea. Alipita katikati yao taratibu, mkononi kikapu cha mkewe chenye chupa ya chai na mikate, kofia ya mkewe juu yake. Mpira mmoja wa daktari uliporuka ukatua karibu na miguu yake, Saba alirudi nyuma kama ameona nyoka, akatandaza mikono kuwazuia watu. "Asiguse mtu! Una mwenyewe huo." Mkewe alicheka mpaka akainuliwa kibao cha KIMYA.

Waliposogea kwenda shimo linalofuata, upepo uliipeperusha ile kofia kutoka kikapuni na Saba hakujua. Mlinzi mmoja aliiona. Hakuwa yule wa jana, alikuwa mwingine, asiyemjua Saba wala mkewe. Aliiokota, akaipangusa vumbi kwenye suruali yake, akaangalia aliyeiangusha ameelekea wapi. Aliona mgongo mweupe unakwenda zake katikati ya watu, na juu yake herufi za buluu. Akazisoma, akaliita jina hilo kwa sauti.

Wakageuka wote wawili.